Wasomaji Wanauliza: Manifodi ya Baiskeli ya Injini

Barua za safari hii karibu zote zinazunguka kitu kimoja, kile kibomba kifupi kinachounga kabureta na silinda kwenye baiskeli za injini ya tustroku, ile ambayo oili inachanganywa na petroli. Nimefurahi sana kuziona manake hicho kibomba ndo kinasahauliwa kuliko kitu chochote, mtu anahangaika na cheni na klachi mpaka usiku alafu manifodi anaifunga haraka haraka na kwenda barabarani, na pistoni nyingi zinazokufa mapema hapa Nairobi zinauliwa na hewa inayoingilia hapo hapo. Nimejibu kwa kirefu pale panapohitaji na kwa kifupi pale ambapo jibu ni moja tu.

Swali: Salamu fundi. Nimejiundia baiskeli na ile injini inauzwa kama 80cc, fremu ni ya mountain bike, shida ni kabureta inagonga bomba la siti. Nikaenda Grogan nikauziwa manifodi iliyopinda, kufika nyumbani matundu hayaingii kwa stadi za silinda (zile bolti zisizo na kichwa), yamekosa kidogo tu. Jirani wangu wa welding anasema ataitoboa matundu mapya. Alafu kuna jamaa ananiambia niachane na hio yote nifunge kabureta ya boda juu ina nguvu. Nifanyeje? – Msomaji, Kayole

Jibu: Ndugu yangu wa Kayole, kwanza mwambie jirani aweke drili chini. Hizi injini zimetengenezwa za aina mbili upande wa kuingizia, kuna ambazo stadi mbili ziko mbali milimita 32 katikati kwa katikati, na kuna za milimita 40. Tofauti ni milimita 4 kila upande na ndo maana unaona zimekosa "kidogo tu", lakini ukitoboa tundu jipya milimita 4 kutoka kwa lile la zamani hayo matundu yanashikana yanakuwa mfereji mmoja mrefu, nati inabaki imekalia hewa na ile sehemu ya gasketi kukaa inabaki nyembamba. Itavuja leo ama itavuja kesho. Rudisha ubadilishiwe.

Kabla hujarudi pima yako vizuri. Usijaribu kukadiria katikati ya stadi kwa macho, pima kutoka ukingo wa kushoto wa stadi ya kwanza mpaka ukingo wa kushoto wa stadi ya pili, hio ndo namba sawa na ya katikati kwa katikati na hata rula ya shule inakupatia jibu. Hio 80cc yako pia isikuchanganye wakati unaulizwa dukani, hilo ni jina la sokoni, silinda yake ina upana wa milimita 47 na pistoni inatembea 38 kwa hivyo injini halisi ni kama 66cc. Wauzaji wengine wakisikia 66 wanafikiri ni kitu tofauti, waambie ni ile ile.

Kipimo cha pili ni unene wa nje wa bomba pale kabureta inapovaa. Kwa kabureta ndogo za kawaida zinazokuja na kit, zile za aina ya NT, bomba huwa kama milimita 19. Bomba likiwa jembamba watu hulizungushia mkanda wa umeme alafu wanakaza klampi, petroli inaula huo mkanda gundi yote inatoka. Dawa ni moja, enda na kabureta yako mwenyewe dukani, ivalishe kwenye manifodi hapo hapo kwa kaunta, iingie kwa kusukuma na isicheze kabla klampi haijakazwa.

Sasa kuhusu kupinda. Manifodi iliyopinda inasaidia kweli kwa fremu kama yako, lakini angalia inapinda kwenda upande gani, juu kabureta ikihama kutoka katikati inaweza kukutana na paja lako ama mkono wa pedeli. Kata karatasi ngumu ufuate umbo lote kutoka uso wa silinda mpaka mdomo wa kabureta, ishike pale kwa baiskeli, zungusha pedeli mzunguko mzima, ndo uende kununua. Na kitu cha mwisho ambacho watu hawakifikirii ni usawa. Bakuli la floti, kile kibakuli cha petroli chini ya kabureta, lazima likae wima baiskeli ikiwa imesimama mahali tambarare. Kulala kushoto ama kulia unaweza kurekebisha kwa kuizungusha kabureta kwenye bomba kabla ya kukaza, lakini kulala kwenda mbele ama nyuma kunaamuliwa na manifodi pamoja na vile injini imekaa kwenye fremu, hapo klampi haitakusaidia kitu. Kabureta ikilala sana floti inafunga mapema ama inachelewa kufunga, utakosa petroli kwenye mlima ama itamwagika chini ukiwa kwa stendi.

Ya boda iache. Hizo za boda za 100cc mpaka 150cc zina koo pana, injini yako ya 66cc haiwezi kuvuta hewa kwa kasi ya kutosha kupitia tundu kubwa hivyo, na kabureta inategemea hio kasi ndo inyonye petroli kutoka kwa jeti, kile kitundu kidogo cha kupitishia petroli. Utapata baiskeli ambayo haisikii ukitoka mwanzo, inakohoa, alafu ikichangamka kidogo inakunywa. Kabureta ndogo inayolingana na injini ina nguvu zaidi pale unapozihitaji, yaani kutoka taa na kupanda vilima.

Nikiongezea tu, kama bado hujaanza kukata fremu hio, fikiria baiskeli ya zamani ya Black Mamba. Pembetatu yake ni kubwa, injini inakaa na nafasi inabaki, manifodi ya kawaida iliyonyooka inaingia bila matatizo. Ila breki zake za vyuma hazikuundiwa injini, kwa hivyo hio fremu ukiichukua breki ndo kitu cha kwanza kubadilisha, kabla hata ya kuwasha injini.

Swali: Fundi injini yangu ikiwaka inapiga resi yenyewe, nimefungua skrubu ya slo mpaka inataka kutoka na bado haishuki. Asubuhi ni ngumu kuwaka. Plagi nikitoa ni nyeupe. Fundi wa hapa mtaani anasema jeti ni ndogo anataka kuweka kubwa. Natumia hii baiskeli kila siku Thika Road na naogopa. – Msomaji, Githurai 45

Jibu: Una haki ya kuogopa, na nakuomba usiende nayo Thika Road tena mpaka umalize kusoma hapa na kufanya kazi yenyewe.

Injini ya tustroku inavuta pumzi kwa krankesi, kile chumba cha chini ya pistoni. Pistoni ikipanda juu, chini yake kunabaki utupu, na huo utupu ndo unavuta hewa na petroli kupitia kabureta, manifodi, mpaka ndani. Petroli inataka kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ndo iungue yote, na kazi ya kabureta ni kuchunga hio hesabu. Sasa kukiwa na mwanya wowote baada ya kabureta, hata mdogo kama unywele, injini inavuta hewa pale bila petroli yoyote, hesabu inaharibika, joto linapanda. Na kwa tustroku kuna hasara ya pili mbaya kuliko hio ya kwanza, oili yako imo ndani ya petroli. Ukichanganya 20 kwa 1, yaani mililita 50 za oili kwa lita moja, hio ndo oili pekee ambayo pistoni na beringi zitawahi kuona. Petroli ikipungua na oili imepungua. Kwa hivyo wakati injini iko moto zaidi ndo wakati iko kavu zaidi, na Thika Road umefungua mafuta yote kwa kilomita kadhaa bila kupumzisha, pistoni inavimba, inakwaruza silinda, alafu inashika.

Kuhusu jeti kubwa, hapana. Mwanya wa hewa unasumbua zaidi injini ikiwa slo, juu hapo kabureta imefungwa karibu yote na utupu ni mkali, hewa ya wizi inakuwa sehemu kubwa ya pumzi yote. Ukifungua mafuta yote hewa halali inakuwa nyingi na ile ya wizi inakuwa sehemu ndogo. Jeti kubwa nayo inafanya kazi kinyume kabisa, inaongeza petroli ukifungua yote na karibu haifanyi kitu kwa slo. Utapata injini inayolowa juu na bado kavu chini, na mwanya uko pale pale unakua. Ziba kwanza, jeti baadaye.

Anza kwa kuhakikisha waya wa mafuta, ule unaotoka hendeli mpaka kabureta, haujakaza, uwe na mlegezo kidogo hata ukigeuza hendeli kushoto na kulia, manake waya uliokaza unaleta dalili karibu hizo hizo. Waya ukiwa sawa, washa injini, iache ipate moto kidogo, alafu ziba mdomo wa kabureta na kiganja. Inafaa izime mara moja. Ikiendelea kuhema hema hata kwa muda mfupi, inapata hewa kwingine.

Kutafuta pale inapoingia, tumia dawa ya kuosha kabureta ya kupuliza, ile ya mkebe wenye mrija, kidogo kidogo kwa kila kiungo huku injini iko slo. Sauti ikibadilika, ikashuka ama ikapanda, umepafikia. Hii dawa inawaka moto, kwa hivyo fanyia nje, baiskeli iwe mahali peupe, usipulize karibu na eksosi wala waya wa plagi, uwe na mchanga ama kizima moto karibu. Kwa bahati nzuri eksosi ya hizi injini iko mbele na kabureta iko nyuma, lakini bado puliza kidogo tu. Ambaye hataki hatari hio atumie maji ya sabuni kwa chupa ya kupulizia, ni polepole lakini ukisikiliza vizuri unapata.

Pahali pa kwanza kupuliza ni kabureta inapovaa bomba. Hapa ndo pananiudhi kwa zile kabureta ndogo, shingo yake imepasuliwa ndo klampi iweze kuibana, na ile mipasuko ikiwa mirefu kupita mwisho wa bomba hewa inaingilia hapo hapo hata ukaze namna gani. Ndani kabisa ya shingo kuna ringi ya kuziba, ya raba ama ya faiba, na kazi yake ni kubanwa na mdomo wa bomba. Kwa hivyo bomba lisukumwe mpaka mwisho liguse hio ringi, ukiwa umelishikilia hivyo ndo ukaze klampi. Mara nyingi utaikuta hio ringi imepotea, imekatika ama imekauka. Nunua o-ringi inayostahimili petroli ya saizi hio, ni kitu kidogo sana na kinaokoa injini.

Pahali pa pili ni uso wa manifodi na silinda. Toa manifodi, pitisha kalamu ya maka kwa uso wote wa flenji, lile bamba linalofungwa kwa silinda, alafu weka msasa wa maji namba 400 juu ya kioo na usugue kwa mzunguko wa namba nane. Wino ukiisha pande mbili na ukabaki katikati, ujue flenji imepinda, na nyingi zinapinda juu mtu alikaza nati moja mpaka mwisho ndo akaenda kwa nyingine. Sugua mpaka wino wote utoke sawa. Osha vizuri, unga wa msasa ukiingia ndani ni kama umemwagia silinda mchanga. Kata gasketi mpya kwa karatasi ya gasketi ya milimita 0.8 au 1, sio boksi la biskuti tafadhali, na tundu la gasketi lisiwe dogo kuliko la silinda.

Wakati wa kukaza, stadi hapo ni za M6 na nati inachukua spana namba 10. Kaza kidogo hapa kidogo pale ukibadilishana, mpaka kama Nm 8 hadi 10. Kama huna spana ya kupima, shika spana fupi karibu na kichwa, tumia nguvu ya kiganja na sio ya bega. Weka washa ya springi. Tembea mwendo mfupi, acha injini ipoe kabisa, rudia kukaza, manake gasketi mpya inakaa chini ikipata moto wa kwanza.

Ukimaliza hayo yote na bado inapiga resi, fungua kifuniko cha sumaku uangalie. Ukikuta kumelowa oili na petroli nyuma ya sumaku, ile sili ya kranki imekufa na hapo manifodi haina makosa. Gasketi ya chini ya silinda pia ipulizie.

Plagi ndo shahidi wako wa mwisho. Baada ya kuziba, tembea, zima ukiwa bado umefungua mafuta, toa plagi. Unataka kahawia ya chai ya maziwa. Nyeupe bado ni hatari, nyeusi yenye kulowa ni petroli imezidi na hio sasa ndo mazungumzo ya jeti na sindano, ile ya ndani ya kabureta inayopunguza ama kuongeza petroli.

Swali: Boss, naweza kupaka silikoni ya kawaida kwa manifodi badala ya gasketi? Ama nikate raba ya tyubu ya baiskeli? – Msomaji, Kawangware

Jibu: Yote mawili hapana. Silikoni ya kawaida inalainika ikikaa na petroli, inachubuka, na kile kipande kinachochubuka kinavutwa ndani. Raba ya tyubu inavimba ikiguswa na petroli, wiki ya kwanza utafurahi ya pili itakuwa imetoka nje ya flenji. Karatasi ya gasketi, ama gasketi maka, ile dawa ya kupaka, ambayo imeandikwa wazi kwa mkebe kwamba inastahimili petroli, na hio upake nyembamba sana juu ya gasketi ya karatasi, sio badala yake.

Swali: Hujambo fundi. Mimi ni dada ninayefanya kazi ya vyuma Kariobangi Light Industries, naunda vyuma vya mikokoteni na hivi majuzi wateja wa baiskeli za injini wameanza kuniletea manifodi niwaundie za kupinda. Ya kwanza niliyounda ilivuja. Nataka kufanya hii kazi vizuri. Nitumie chuma gani, urefu gani, na ni kweli zile chupa za kuongeza nguvu zinazowekwa kwa manifodi zinasaidia? – Msomaji, Kariobangi

Jibu: Dada, swali lako limenipa moyo sana, juu tukiwa na watu wanaoziunda hapa kwa vipimo vya fremu zetu hatutahitaji kubahatisha na zile za kuletwa.

Tumia chuma cha kawaida bila wasiwasi, ni kizito kuliko alumini lakini unakichomea vizuri na vifaa ulivyo navyo, na alumini inataka mashine na mkono tofauti. Flenji ikate kwa bamba la milimita 6. Nyembamba kuliko hapo ndo hupinda ukichomea, na nadhani hio ndo ilivujisha ya kwanza. Chuma kikipoa kinavuta, kwa hivyo flenji ifunge kwa bolti mbili juu ya kipande kinene cha chuma kabla ya kuchomea, weka alama za kuchomea pande nne kwanza, alafu ndo uzungushe, na usiifungue mpaka ipoe yenyewe, usimwagie maji. Hata ukifanya hivyo vyote, baada ya kuchomea lazima flenji isawazishwe upya, tupa kwanza, alafu msasa juu ya kioo vile nimeeleza hapo juu kwa msomaji wa Githurai. Hio sio kazi ya ziada, ni sehemu ya kuunda manifodi.

Bomba lenyewe lipinde ukiwa umelijaza mchanga mkavu na kuziba pande zote ndo lisifinyike kwenye kona. Kona moja ya polepole ni bora kuliko mbili kali. Pale linapoingia kwa flenji, tundu la flenji, la gasketi na la silinda yafuatane, kusiwe na kidaraja kinachokatiza hewa. Chomea kwa nje, na ndani utoe kila tone la chuma na kila kipande cha maganda ya welding kwa tupa ya mviringo na brashi ya waya, manake kile kitakachobaki kitang'oka kwa mtetemo na njia yake ni moja tu, kwenda kwa pistoni. Mwisho ijaribu kabla mteja hajachukua: ziba upande mmoja na raba, itumbukize kwa ndoo ya maji, puliza na mdomo. Povu likitoka kwa welding, rudia.

Upande wa kabureta hakikisha bomba ni mviringo kamili na nje ni laini, usiweke rangi hapo. Mkwaruzo wa urefu kwenye hio sehemu ni barabara ya hewa.

Urefu sio wa kubahatisha. Kwa injini kama hizi ambazo pistoni yenyewe ndo inafungua na kufunga mlango wa kuingizia, bomba refu linasaidia nguvu ya chini, bomba fupi linasaidia resi ya juu. Kwa mteja anayebeba mzigo na kupanda vilima, refu kidogo halimuumizi, ila likiwa refu kabureta inaning'inia na mtetemo unalegeza stadi, unaweza hata kupasua shingo ya flenji. Mshikizie bomba hilo kwa bomba la siti na kibanio chenye raba ndani. Raba ni lazima, manake injini na fremu hazitetemeki pamoja na kibanio kikavu kitavunja kitu.

Zile chupa kazi yake ni kuhifadhi hewa na petroli wakati mlango umefungwa na kutoa ukifunguka, na kwa baiskeli ya matumizi tofauti yake ni ndogo sana, ilhali unaongeza kiungo kingine na mpira mwingine wa kuvuja. Mteja akitaka sana muundie, lakini mimi ningemshauri hio pesa anunue breki.

Swali: Fundi, baiskeli yangu ya injini nimeitumia hapa South B mwaka mzima bila shida, sasa naipeleka Mombasa kwa kaka yangu aitumie. Kuna mtu ameniambia itaharibika huko juu ya hewa ya bahari. Ni ukweli ama ni maneno tu? – Msomaji, South B

Jibu: Kuna ukweli ndani yake, ila sababu ni urefu wa mahali na sio chumvi. Nairobi iko karibu mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na huku presha ya hewa ni karibu asilimia 18 hadi 20 chini ya ile ya Mombasa. Hewa ni nyepesi lakini jeti inatoa petroli karibu ile ile, kwa hivyo baiskeli zetu za huku mara nyingi zinakuwa na petroli iliyozidi kidogo. Sasa hapo kuna mtego. Manifodi ikiwa inavuja kidogo hapa Nairobi, ile petroli ya ziada inaficha kosa, injini inaonekana nzuri na plagi haikuambii kitu. Ukiiteremsha Mombasa hewa inakuwa nzito, ile ziada inaisha, na mwanya unabaki peke yake.

Kwa hivyo kabla hujaipakia kwa lori fanya majaribio ya kuvuja yote, weka gasketi mpya na o-ringi mpya hata kama za zamani hazijalalamika. Alafu kaka yako akifika nayo aangalie plagi siku ya kwanza. Kama uliwahi kupunguza jeti huku ndo isilowe, mtumie ile ya kwanza aifunge kabla ya kuiwasha. Kama ulisogeza tu klipu ya sindano kwenda juu, airudishe chini tundu moja, sindano itapanda na petroli itaongezeka. Asikimbize wiki ya kwanza.

Swali: Nimekaza stadi ya manifodi imetoka na uzi wa silinda, inazunguka tu. Nimeambiwa ninunue silinda mpya. – Msomaji, Dagoretti

Jibu: Pole sana, lakini silinda bado ni nzima. Shusha pistoni mpaka chini kabisa, hapo inafunga mlango wa kuingizia yenyewe, alafu jaza tambara lenye grisi kwenye tundu ndo vumbi la chuma lisiingie. Njia iliyo safi ni kuweka uzi mpya wa springi wa M6, mafundi wa machini huko Industrial Area wanazifunga, na unabaki na stadi saizi ile ile. Njia ya pili ni kupanua kwenda M8, utoboe na drili ya 6.8 na upitishe tapu ya M8, kile chombo cha kukata uzi, kwa mkono, taratibu, nusu mzunguko mbele robo nyuma, na oili. Zungushia kipande cha tepu kwenye drili kuonyesha mwisho wa kina, juu ukipitiliza hapo unaweza kutokea ndani. Tundu la flenji upande huo ulipanue kidogo liwe 8.5.

Nunua stadi za chuma kigumu zenye alama 8.8, zile zinazokuja na kit ni laini sana. Izungushe kwa vidole mpaka ikae na uweke dawa ya kushika uzi kwenye upande wa silinda. Toa tambara pole pole, futa grisi yote pamoja na chuma kilichonasa, angalia na tochi kabla hujarudisha manifodi, kisha fuata kipimo cha kukaza nilichompa msomaji wa Githurai.